Cheche Zinazoshikisha Wino kwenye Mfuko wa Maziwa

Ukinunua maziwa ya lita 4 mjini Toronto, mara nyingi utatoka dukani na mfuko wa plastiki. Ndani yake mna vifuko vitatu, kila kimoja lita 1.33. Ukifika nyumbani unakisimamisha kimoja ndani ya jagi, unakata ncha kwa mkasi, unapika chai.

Kampuni ya DuPont iliileta mifuko hii Kanada mwaka 1967, mahali pa chupa za kioo zilizokuwa nzito na rahisi kuvunjika. Miaka ya 1970 nchi ilipohamia vipimo vya metriki, chupa na maboksi yalihitaji kuundwa upya; mfuko ulihitaji kukatwa kwa urefu mwingine tu. Jimbo la Ontario likauzoea.

Lakini kinachonivutia mimi ni maandishi ya ule mfuko wa nje. Polithini, plastiki ya mfuko huo, iliyogunduliwa Winnington, Uingereza, mwezi Machi 1933, ni kaidi mno kwa wino. Uso wake hauna cha kushika. Wataalamu hupima mvuto wa uso huo kwa daini, kizio cha nguvu: polithini ina kama 31 kwa sentimita, na wino hutaka 38 hivi au zaidi. Ukichapa bila kuiandaa, wino hujikusanya matone kama maji juu ya jani la magimbi, na ukikauka hubanduka kwa kucha.

Dawa yake ilianza Denmark mwaka 1951, kwa mhandisi Verner Eisby. Plastiki hupitishwa chini ya chuma chenye maelfu ya volti. Hewa katikati huwaka kwa cheche za rangi ya zambarau. Elektroni, ozoni na mionzi ya urujuanimno huvunja vifungo vya kemikali vya juu kabisa, na oksijeni huingia palipovunjika. Ni kina cha nanomita chache tu, lakini wino sasa una pa kushika. Mwaka 1971, David Goring na wenzake, watafiti wa karatasi wa Kanada, walieleza jambo lililonistaajabisha nilipolisoma: vipande viwili vya polithini vilivyopigwa cheche hushikana vyenyewe bila gundi, katika joto ambalo vya kawaida visingeshikana kamwe.

Nguvu hiyo haidumu. Roli ya plastiki ikikaa ghalani wiki kadhaa, uso huanza kurudia ukaidi wake. Kwa hiyo, kabla ya kuchapa, mchapaji huchora mstari juu yake kwa kalamu ya majaribio. Mstari ukitulia, roli huingia mtamboni. Ukikatika matone, hurudishwa kwenye cheche.