Rivasi: historia ya pesa zinazorudi zilikotoka

Sheria ya Kenya inamjua vizuri mtu anayekalia pesa zisizo zake. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inasema anayezuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka 2. Fundi wa Kwa Rhonda, magharibi mwa jiji la Nakuru, ana shida ya upande wa pili. Pesa zimemfikia kihalali, vigae amevipanga na mteja amevikanyaga akaridhika, kisha jioni ujumbe unaingia: lile salio limepungua. Mteja amefanya rivasi, yaani ameomba pesa zirudishwe kwake kana kwamba alizituma kimakosa.

Ujanja wa kulipa bila kulipa haukuanza na simu. Kulikuwa na cheki. Mkandarasi alimwandikia fundi cheki, fundi akapanga foleni benki, akangoja siku kadhaa ipite, kisha akaambiwa imedunda kwa sababu akauntini hamna kitu. Uovu huo ulizoeleka kiasi kwamba Kanuni ya Adhabu ikapewa kifungu chake maalumu, 316A, chenye faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi mwaka 1. Hata hivyo, mafundi wengi wa mitaa kama Kwa Rhonda na Kaptembwo hawakuwahi kuiona cheki. Walilipwa noti, na noti ikishaingia mfukoni mwa fundi, mteja hana pa kuivutia.

Mambo yalibadilika Machi 2007, Safaricom ilipoizindua M-Pesa, huduma ya kutumiana pesa kwa simu. Mradi wenyewe ulikuwa umeanza kama njia ya kurejesha mikopo midogo. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, waliufanyia majaribio kuanzia Oktoba 2005 pamoja na wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, jijini Nairobi na Thika. Wateja hao wakaanza kuutumia kwa mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango: kutumiana pesa, kulipana, hata kuweka akiba ya safari. Kampuni ikaona soko liko wapi.

Lakini pesa ilipogeuka kuwa nambari, kosa la kidole likawa na bei. Tarakimu moja ikikosewa, karo ya mtoto inaishia kwa mtu usiyemjua. Aliyekosea alipiga 234, akangoja muziki uishe, akamsimulia mhudumu kisa chake. Baadaye mlango ukapanuliwa: unautuma ule ujumbe wa muamala kwa 456, basi, ombi limeshafika. Kama pesa bado zimo kwenye akaunti ya mpokeaji, zinaweza kuzuiliwa na kurudishwa. Kama ameshazitoa, mtumaji anabaki kumtafuta mwenyewe au kwenda polisi. Ikaja pia Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa sekunde chache za kughairi kabla pesa hazijaondoka.

Huo wote ulikuwa wema, na sina haja ya kuudharau. Watu wengi wameokolewa na 456. Ila ni wema uliotengenezwa ukimtazama mtumaji peke yake. Mfumo ulijua kuna mtumaji anayekosea. Mtumaji asiyekosea, anayeijua vizuri nambari aliyoitumia pesa, na anayedai amekosea baada ya kunyolewa, kubebwa kwa bodaboda au kutengenezewa mfereji, hakufikiriwa mapema. Na mtu huyo ana wakati upande wake. Fundi akiwa juu ya paa na simu imo ndani ya mfuko wa vifaa chini, hawezi kupinga ombi ambalo hajaliona.

Ulinzi ulipokuja, uliwaanzia wenye maduka. Lipa na M-Pesa ya mwaka 2013 ilimpa mfanyabiashara nambari yake ya tili, na malipo ya huko hayarudishwi kiholela bila mwenye biashara kuhusishwa. Mama mboga na mwenye bodaboda walingoja hadi mwanzoni mwa muongo huu, ilipoletwa huduma ya Pochi la Biashara, ambayo moja ya sifa zake kuu ni kwamba mteja hawezi kuirudisha pesa bila idhini ya mwenye pochi. Ukitaka kujua rivasi za hila zilikuwa zimeumiza watu kiasi gani, sifa hiyo inatosha kuwa ushahidi. Kibarua anayelipwa kwa nambari yake ya kawaida, ile ile ya mama na ya shemeji, yuko nje ya ulinzi huo.

Kwa kijana wa Kwa Rhonda anayefanya kazi za mtandaoni, awe anachora nembo au ananakili sauti kuwa maandishi, hadithi inaanzia mbali zaidi. Mwaka 1974 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyompa mwenye kadi ya mkopo haki ya kupinga malipo, pamoja na malipo ya kitu ambacho hakikuletwa kama walivyokubaliana. Ilikuwa ngao ya mnunuzi dhidi ya kampuni kubwa. Miaka mingi baadaye PayPal ikawapa wateja wake siku 180 za kulalamika, na tangu 2018 Mkenya ameweza kuhamisha pesa kati ya PayPal na M-Pesa. Ngao ile ile sasa inamkinga mteja wa Ohio dhidi ya mtu anayelipa kodi ya chumba kimoja Nakuru. Siku 180 ni miezi sita: pesa ya kazi ya Januari imeshaliwa, imeshakuwa unga na karo, kabla ya malalamiko ya Juni kuichota. Majukwaa kama Upwork, yanayomtaka mteja aweke pesa kando kabla kazi haijaanza, yamepunguza makali hayo, na hukata kamisheni yao.

Walio pabaya zaidi ni wale wanaowaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Uingereza imeifanya biashara hiyo kuwa kosa tangu 2022, na mwandishi aliyedhulumiwa atamshtaki nani, kwa kazi gani?

Fundi wa vigae, kwa upande wake, ana pa kwenda. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 kabla ya kusambaa kaunti nyingine, husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Wakili si lazima. Kwa upande wa jinai, rivasi haina kifungu chake kama cheki iliyodunda. Polisi hulazimika kutumia kile cha kujipatia mali kwa udanganyifu, 313, chenye adhabu ya hadi miaka 3, na hapo ni lazima ithibitishwe kwamba mteja alikuwa na nia hiyo tangu mwanzo. Kwa deni la shilingi 1,800, wachache watapoteza siku mbili za kibarua kuufuata mlolongo huo.

Wanachofanya ni rahisi zaidi. Wanadai nusu kabla ya kufungua mfuko wa vifaa, kama arabuni. Iliyobaki ikiingia, wanakwenda moja kwa moja kwa wakala na kuitoa yote, maana mfumo hauwezi kuzuia kisichokuwepo. Ada ya kutoa shilingi 1,800 ni shilingi 29, na anayeilipa ni fundi.