Sumbawanga Kabla ya Bodaboda: Watu Wasio na Majina Waliotembea Ufipa, na Chuo Kilichowakuta

Wadau, leo hatuna staa. Hakuna ndoa iliyovunjika, hakuna aliyemblock mwenzake. Leo ni habari ya watu wasio na majina, wale ambao vitabu huwaita "wenyeji" halafu vinaendelea na safari. Tunapanda uwanda wa Ufipa, mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye ile baridi ya Juni inayomfanya mtoto wa Dar akishuka stendi ya Sumbawanga aulizie koti kabla ya chai.

Kwa nini Sumbawanga? Kwa sababu siku hizi nao ni mji wa chuo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kile kilichoanza 1986 kama chuo cha ufundi, kina kampasi Rukwa. Kampasi ikianza, watu huuliza madarasa mangapi, hosteli ngapi. Sawa kabisa. Ila kuna swali ambalo likichelewa halijibiki tena: humo ndani watu watatembeaje, na watakaa kwenye kivuli cha nini? Ukishamwaga lami na zege, umeshajibu, hata kama hukuulizwa.

Ufipa ina mengi ya kusema hapa. Kabla ya wakoloni kulikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na nyuma yao Milansi, ambayo masimulizi ya Wafipa huitaja kama kitovu cha zamani zaidi. Hakukuwa na gurudumu. Kila kitu kilikwenda kwa miguu: ulezi, vitambaa vya pamba vilivyofumwa hukohuko, na hasa majembe. Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma, na hapa naomba tutulie kidogo maana watu wengi hawajui.

Tanuru lao la kwanza, ilungu, lilikuwa mnara wa udongo mrefu kuliko mtu, mara nyingi karibu mita 3. Halikuhitaji mivuo. Lilijengwa na matundu chini, na urefu wake wenyewe ulivuta hewa kama bomba la moshi. Chuma kilichotoka hapo bado kilikuwa kichafu, kikapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambako sasa mivuo ilitumika kukisafisha kabla mhunzi hajakifanya jembe. Mabaki ya minara hiyo yapo mpaka leo kwenye mashamba ya Nkansi. Jina la fundi hata mmoja hulikuti juu yake.

Sasa, tanuru la namna hiyo linakula mkaa si mchezo. Ukiangalia uwanda ulivyo, nyasi na nyasi, mti mmoja huku mwingine kule, unashawishika kumlaumu mhunzi. Mimi nasema tusimbebeshe mzigo wote peke yake. Moto wa kiangazi, mashamba, ng'ombe, na upepo wa mlimani vyote vina mkono. Lakini mkaa nao ulikuwa na bei yake, na bei hiyo ililipwa na vizazi vya baadaye.

Kinachonifurahisha ni walichofanya kwenye nchi yenye miti michache. Kwingine, kwa mfano kwa majirani wa upande wa Zambia, mkulima hukata matawi, anayachoma, na majivu yanakuwa mbolea. Mfipa matawi hayo hakuwa nayo. Akachukua nyasi. Mvua zikiwa zinaelekea ukingoni, aligeuza udongo juu ya nyasi na kutengeneza matuta ya mviringo, yanaitwa intumba. Nyasi zikaozea humo ndani. Msimu uliofuata tuta lilisambazwa, ulezi ukapandwa kwenye ardhi iliyoshiba. Yaani mboji kabla hatujaanza kuuziwa semina za mboji.

Mwaka 1880 akapita Mskoti mmoja, Joseph Thomson, msafiri kijana. Alifika hadi Ziwa Rukwa na kulibandika jina la mfalme wa Wabelgiji, Leopold. (Jina halikushika, asante Mungu.) Yeye ana vitabu. Wapagazi waliombebea mizigo juu ya uwanda huo, wakijua njia ipi ina maji na ipi haina, hawana hata mstari.

Wajerumani wakaweka boma lao chini ziwani, Bismarckburg, Kasanga ya leo. Baadaye zikaja barabara za vumbi, lori na baiskeli. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa mji wa mbali kweli, na ukisema unatoka huko watu walianza utani wa uchawi, eti kwa sababu jina lenyewe maana yake ni "tupa uchawi". Hebu fikiri: mji unakwambia utupe, wewe unasema ndio wanao! Lami ya kutoka Tunduma, zaidi ya kilomita 220, iliyojengwa kwa fedha za Marekani, ilikamilika kwenye muongo uliopita tu. Sensa ya 2012 ilikuta manispaa ina watu laki 2 na kidogo; ya 2022 imevuka laki 3.

Na lami ikaja na bodaboda. Hapa kuna kituko cha historia: bodaboda ya kwanza ilikuwa baiskeli. Ilianza mpakani Busia, Kenya na Uganda, miaka ya 1960, watu wakivushwa "boda" mpaka "boda" kwenye kiti cha nyuma. Pikipiki zikaja baadaye sana, na Tanzania ikaziwekea kanuni za kubeba abiria 2010. Siwasemi vibaya vijana wa boda, hiyo ni ajira na wengi ni ndugu zetu. Nasema tu mwanafunzi anayelipa boda kwenda na kurudi kila siku anakula nauli badala ya chakula, na chuo ndicho kilichomlazimisha kama hosteli iko upande mmoja na darasa upande mwingine bila njia ya miguu.

Mlimani waliona haya. Chuo cha Dar es Salaam kilianza 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na 1964 kikahamia kilimani. Nafasi ilikuwa tele, miti ikaachwa, watu wakapanda na kushuka vilima kwa miguu. Idadi ikapanda, hosteli kubwa ikajengwa Mabibo, nje kabisa ya kampasi, na foleni ya daladala ikawa sehemu ya masomo. Mwaka 2006 Mlimani City ikafunguliwa kwenye ardhi ya chuo. Chuo kinapata kodi, sisi tunapata baga. Lakini ile ardhi haitarudi kuwa nyasi.

Nairobi wanafunzi waliona mapema zaidi thamani ya kijani. Januari 1999 Wangari Maathai alishambuliwa na kujeruhiwa akijaribu kupanda miti Karura, msitu uliokuwa umegawiwa wajenzi wa majumba. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako mama huyo aliwahi kufundisha, waliingia barabarani. Leo wakazi wanakimbia na kuendesha baiskeli humo. Majina ya wanafunzi wale unayajua? Mimi pia sijayaona popote.

Rukwa haihitaji vita hiyo, inahitaji kuwahi. Msitu wa Mbizi, juu ya mji, ndio unaotunza vyanzo vya maji ya Sumbawanga, na ndani yake wanaishi mbega wekundu. Jiko la chuo likipika kwa kuni na mkaa, mzigo unaweza kuangukia huko. Miti ya kampasi ingekuwa ya asili na ya kukinga upepo, siyo mikaratusi mitupu inayokunywa maji. Njia za miguu zifuate pale wanafunzi wanapokata wenyewe, ziwe na taa, maana dada anayetoka maktaba saa 3 usiku akiona giza atapanda boda tu. Banda la baiskeli lenye paa lisikose, kwa sababu mvua ya Novemba mpaka Aprili haina huruma. Boda wapewe kituo kizuri getini, chenye kivuli, waishie hapo.

Na siku ya kupanda miti picha zitapigwa, tutazipost wote. Ufipa kuanzia Mei hadi Oktoba karibu hakuna mvua. Kwa hiyo kwenye bajeti kuwe na mstari wa mshahara wa mtu wa kumwagilia mwezi Agosti, wanafunzi wakiwa likizo.