Chuma, Chokaa na Oksijeni: Majina Matatu, Historia Tatu

Chuma kina jina la Kibantu. Dhahabu ina jina lenye asili ya Kiarabu. Oksijeni ina jina lililoidhinishwa Paris mwaka 1787. Yote matatu ni maneno ya Kiswahili leo, na yote ni majina ya elementi, yaani vile vitu vya asili ambavyo mkemia hawezi kuvichanganua vikatoa vitu vingine. Mimi huyatazama majina haya kama matabaka ya udongo katika ukingo wa korongo. Kila tabaka hutueleza jinsi wasemaji wa lugha hii walivyokutana na kitu chenyewe: kwa mkono, kwa biashara au kwa kitabu.

Nianze na mkono. Takriban theluthi moja ya uzito wa dunia yetu ni chuma, na sehemu kubwa imefichika katika kiini chake. Mwilini mwa mtu mzima mna gramu 3 hadi 4 tu, nyingi zikiwa katika damu. Huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa takriban miaka 2,000. Watu waliokishika kitu kwa muda mrefu kiasi hicho hawakuhitaji kuazima jina. Kwa jirani zetu wasemao Kichewa, neno chuma lina maana ya mali. Nasi husema fulani amechuma, tukimaanisha amepata utajiri.

Pwani nako kulikuwa na chokaa. Wajenzi wa Kilwa, Gede na Lamu walichoma matumbawe kwa kuni nyingi hadi yakawa chokaa, wakajengea misikiti na majumba. Humphry Davy alipoitenga elementi iliyomo ndani ya chokaa, London mwaka 1808, aliiita kalsiamu, kutokana na neno la Kilatini *calx*, ambalo maana yake ni chokaa hiyohiyo. Mwanasayansi aliazima neno la mwashi. Tukumbuke pia kwamba takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili wa binadamu imo katika mifupa na meno. Basi ukuta wa Husuni Kubwa na mfupa wa aliyeujenga vina elementi moja, na mtafunaji wa tambuu huipaka juu ya jani bila kufikiri juu ya Davy wala Kilatini.

Tabaka la pili ni la biashara. Pamoja na bidhaa za Bahari ya Hindi yalikuja maneno dhahabu, fedha, risasi, zebaki na kiberiti, yote yakiwa na asili ya Kiarabu. Kiberiti kina kisa chake. Asili yake ni elementi ya manjano inayowaka, ambayo imo pia katika nywele na kucha zetu. Njiti za moto za awali zilipakwa kiberiti hicho, na jina likahamia kwenye njiti na kisanduku chake. Leo mwalimu wa kemia hulazimika kusema salfa, maana akisema kiberiti wanafunzi watafikiria jikoni.

Kiarabu kiliingia pia mlango wa maabara za Ulaya. Alama ya sodiamu ni Na, kutokana na *natrium*, neno lililotoka kwenye Kiarabu *natrun*. Alama ya potasiamu ni K, kutokana na *kalium*, ambalo chanzo chake ni *al-qali*, majivu ya mimea. Sasa tazameni ramani. Kaskazini mwa Tanzania kuna Ziwa Natron, na ng'ambo ya mpaka, Kenya, kuna Ziwa Magadi. Ziwa la kwanza lina neno la wasomi, la pili lina neno la mpishi anayelainisha maharage, na chumvi inayojikusanya katika maziwa yote mawili ni ya jamii moja. Nayo majivu? Magharibi mwa Kenya wapishi huchuja maji ya majivu ili kulainisha mboga za kienyeji. Wanachokitafuta ni ile *al-qali*, ingawa hawaiiti hivyo.

Tabaka la tatu ndilo linalotusumbua. Oksijeni ni takriban asilimia 65 ya uzito wa mwili wa binadamu na karibu nusu ya uzito wa ganda la dunia. Hata hivyo haionekani wala haishikiki. Lugha yetu ilizijua kazi zake: kutu, kuungua, kupumua. Mtendaji mwenyewe hakuwa na jina. Antoine Lavoisier na wenzake walipopanga upya majina ya kemia mwaka 1787, walitumia maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kizalisha uchachu", kwa sababu Lavoisier aliamini kuwa kila asidi ina oksijeni ndani yake. Mwaka 1810 Davy alionyesha kwamba asidi itokanayo na chumvi haina oksijeni hata kidogo. Hoja ilianguka, jina likabaki.

Wajerumani hawakuazima, walitafsiri: *Sauerstoff*, yaani kitu cha uchachu. Kwa kutafsiri neno, walitafsiri na kosa lake. Wafaransa nao waliiita naitrojeni *azote*, "isiyo na uhai", kwa kuwa mnyama aliyefungiwa ndani yake peke yake hufa. Lakini elementi hiyo imo katika kila protini ya kila kiumbe hai. Neno naitrojeni lenyewe lina maana ya "kizalisha shura", ile chumvi ya kutengenezea baruti.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kuazima ni udhaifu, na kutafsiri ni ushujaa. Historia ya *Sauerstoff* inatosha kutuonya. TUKI ilipochapisha *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990, kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa kumpa mwanafunzi maneno thabiti, na maneno ya kuazima yana haki yake katika kazi hiyo.

Hata hivyo, naona tabaka la nne linajengeka mbele ya macho yetu. Kaboni ni takriban asilimia 18 ya uzito wa miili yetu, nayo tumeishika siku zote katika makaa na masizi. Kutokana na kaa la jikoni tumepata hewa ukaa, jina la gesi tunayoitoa tunapopumua, ambayo majani huivuta na kuijengea miti. Leo wanavijiji wanaotunza misitu Tanzania huzungumzia biashara ya hewa ukaa bila kuhitaji mkalimani. Neno hili limefaulu kwa sababu limesimama juu ya kitu ambacho mkono unakijua.

Watunzi watanielewa upesi. Hewa ukaa ni mizani 5. Kabonidioksaidi ni mizani 8, inakula ukwapi mzima wa mshororo wa mizani 16, na mtunzi habaki hata na nafasi ya kitenzi. Neno lisiloingia katika ubeti litaishi darasani tu, na mwanafunzi akimaliza mtihani ataliacha hukohuko.

Kazi bado ipo. Silikoni ni zaidi ya robo ya uzito wa ganda la dunia, nayo imo katika mchanga wa mito yetu, katika vioo vya madirisha na katika simu tulizoshika. Fosforasi imo katika mifupa yetu na katika mbolea ya mahindi. Sijawahi kukutana na yoyote kati ya hizo katika shairi la Kiswahili. Wanakamusi wamekwisha kuzipa majina. Ninyi mnaotunga, mtaziingiza vipi katika beti zenu: kwa majina hayo, au kwa maneno ambayo mkono umekwisha kuyapata?