Zinki ya Kafara

Ndani ya mashine ya boti, kwenye chombo cha kupozea, mna kipande cha zinki chenye unene wa kidole. Hakizungushi kitu, hakisukumi maji, wala hakitoi mlio. Kazi yake ni kuliwa na bahari, ili bahari isiile mirija ya shaba iliyo jirani yake. Abiria hakijui, na manahodha wengine hukisahau hadi siku moshi mweupe unapowatokea katikati ya mkondo.

Asili yake inatufikisha kwa mtu ambaye sisi wapenzi wa mashairi tuna haki ya kumdai. Humphry Davy alizaliwa mwaka 1778 Penzance, mji wa bandari kusini magharibi mwa Uingereza. Chuo kikuu hakukiona. Alikuwa mwanagenzi wa tabibu mchanganya dawa, na kemia alijifundisha kwa kusoma vitabu. Alitunga mashairi tangu ujanani. Mwaka 1800 William Wordsworth, kabla hawajaonana kwa macho, alimwomba azipitie nukta na mikato ya toleo la pili la *Lyrical Ballads* lililokuwa likichapwa Bristol. Davy alikuwa na miaka 21. Mwaka huohuo Alessandro Volta wa Italia aliutangazia ulimwengu kwamba madini mawili yasiyo sawa, yakitenganishwa na kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, huzaa umeme. Davy aliishika habari ile na hakuiachia tena.

Mnamo mwaka 1823 wakuu wa jeshi la majini la Uingereza walitaka ushauri wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ambayo Davy alikuwa rais wake. Merikebu zao zilivikwa mabamba ya shaba chini ya maji, kuzuia wadudu watoboao mbao na chaza wanaozing'ang'ania. Wazee wetu kwa shida hiyohiyo walipaka deheni ya shahamu na chokaa, wakirudia kila chombo kilipopwelewa. Lakini shaba nayo ilikuwa ikilika, na shaba ni ghali.

Jibu la Davy, alilolisoma mbele ya wenzake mwaka 1824, lilikuwa jepesi kwa namna ya kutia wivu. Maji ya bahari hula kwanza madini yaliyo tayari zaidi kuliwa. Basi igusishe shaba na kipande kidogo cha zinki au cha chuma. Bahari itakishughulikia hicho, na shaba itasalimika. Alijaribu yote mawili, akakipendelea chuma cha kusubu kwa sababu ni rahisi kwa bei.

Shaba ilisalimika kweli. Kilichofuata ndicho kilichomvunja moyo. Merikebu zilirudi safarini zimeota ndevu za majani na chaza, zikienda kwa uzito. Kumbe shaba ilikuwa ikiwafukuza viumbe hao kwa kule kuyeyuka kwake kidogo kidogo. Ilipoacha kuyeyuka, sumu nayo ilikoma. Julai 1825 ikatoka amri kwamba vipande vile viondolewe katika vyombo viendavyo baharini. Davy alidhihakiwa hadharani. Alifariki Geneva mwaka 1829, na jambo lile likihesabiwa miongoni mwa makosa yake.

Halikuwa kosa, lilikuwa bado halijapata pahala pake. Meli za moshi za mwanzo zilichemsha maji ya bahari katika matangi yao, na chumvi ikafanya ukoko kama wa wali chini ya chungu. Mwaka 1834 Samuel Hall alisajili chombo cha kuupoza mvuke kwa mirija, ili maji baridi yale yale yatumike tena na tena bila kuchanganyika na ya chumvi. Mashine za dizeli zilikuja kurithi fikra hiyo. Maji ya bahari yakipashwa moto kupita takriban nyuzi 60 huacha ukoko, ilhali mashine hupenda joto zaidi ya hapo. Kwa hiyo maji baridi huzunguka ndani ya mashine, na ya bahari hupita kando tu, ndani ya mirija ya shaba, yakichukua joto na kutoka nalo. Humo gizani majani hayaoti. Humo ndimo zinki ilimopata makao, badala ya chuma alichokichagua Davy.

Mimi niliijua kwa hasara. Boti tuliyopanda ilizimika mashine kwenye mkondo, jua la saa saba, watoto wakilia. Fundi alipofungua baadaye tulikuta tundu la zinki limezibwa kwa bolti tupu. Mtu fulani aliona skrubu ni skrubu. Bahari, kwa kukosa pa kuanzia, ilianza na mirija.

Nimehangaika na jina lake. Waingereza huliita kwa neno la dhabihu; lakini dhabihu kwetu ina kisu na damu. Sadaka hutolewa kwa nia, na zinki haina nia. Fidia hulipwa baada ya madhara. Nimeridhika na kafara: kitu kinachowekwa ili balaa limshukie yeye na kumwacha mwingine. Ila kafara ya pwani hutupwa, na aliyeitupa haruhusiwi kugeuka nyuma. Hii hutaka kutazamwa kila mara. Funga koki ya maji, fungua skrubu kwa spana, itoe. Ikiwa imelika nusu, tia mpya, na vipande vilivyomeguka vitoe visije vikaziba mirija. Usiipake rangi kamwe. Na ikitoka nzima, ing'aayo kama siku iliponunuliwa, usifurahi: huenda haigusani na shaba, na kinacholika ni kingine.