Habari za Vijana Waliojitolea Kupinga Biashara ya Watu

Mgeni aingiaye katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, huonyeshwa mahali pa altare, naye huambiwa ya kuwa hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa, siku zile pale palipokuwa soko la watu. Mwenye kusikia habari hiyo hudhani ya kuwa biashara ile iliondoshwa kwa hati ya Sultani na kwa mizinga ya manowari, basi. Na ni kweli, hati ilitiwa sahihi, na manowari zilizunguka baharini. Lakini hati yaweza kufunga soko, wala haiwezi kumlea mtoto aliyetolewa sokoni. Kazi hiyo ilifanywa na watu wengine, wengi wao vijana, ambao hawakulazimishwa na mtu wala hawakulipwa mshahara. Katika mwaka huu wa jubilii yafaa tuwakumbuke, na tena tutazame kazi yao ilikuwaje, mema yake na makosa yake, kwa sababu kazi yenyewe haijaisha.

Mwito wa mwaka 1857

Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alisimama mbele ya wanafunzi wa chuo cha Cambridge, akawaeleza mambo aliyoyaona Afrika ya Kati, akawaomba waendeleze kazi aliyoianza. Katika mwito huo kikazaliwa chama cha vyuo vikuu vinne, Oxford, Cambridge, Durham na Dublin, ndicho tulichozoea kukiita U.M.C.A. Wale waliojiandikisha walikubali kuja bila mshahara. Walipewa chakula, mahali pa kulala, na fedha kidogo za matumizi. Baba zao wengi waliwatazamia kuwa mapadre wa mitaa mizuri kwao, au maofisa wa serikali, au mabwana wenye mashamba.

Kiongozi wao wa kwanza, Askofu Charles Mackenzie, alipandishwa daraja huko Cape Town tarehe 1 Januari 1861. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, yeye na wenzake walipokuwa wakipanda kwenda nyanda za juu za Shire pamoja na Livingstone, walikutana na msafara wa watumwa katika kijiji cha Mbame. Walinzi wakakimbia. Waliofungwa wakakatwa kamba na kuondolewa miti ya shingoni, nao walikuwa watu 84, wengi wao wanawake na watoto. Kwa saa moja tu chama cha vijana waliokuja kuhubiri kikawa na jamaa ya watu 84 wa kulisha.

Walikaa nao Magomero. Hapo ndipo shida zilipoanza. Nchi ilikuwa na vita, na watu wa Misioni wakashika bunduki wakapigana na Wayao ili kuwakomboa mateka wengine. Jambo hilo lililaumiwa sana Uingereza, na hata leo wenye kuandika historia hawajaacha kuliuliza. Baada ya vita ikaja njaa, na pamoja na njaa homa. Mackenzie alikufa tarehe 31 Januari 1862, umri wake miaka 36, na Padre Burrup akamfuata mwezi wa Februari. Mwaka wa 1863 wakafa Padre Scudamore na tabibu Dickinson.

Ahadi iliyotaka kuvunjwa

Askofu wa pili, William Tozer, alipoiona hali ile, aliamua kuihamisha Misioni mahali pengine. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, maana watu walikuwa wakifa. Lakini je, wale waliofunguliwa? Kwao hakuna, vijiji vyao vimechomwa, na wenye kuwauza wangali njiani wakingoja. Askofu hakuona njia ya kuwachukua wote.

Hapo alitokea kijana mmoja asiye padre, Horace Waller, msimamizi wa kazi za mikono. Akasema ya kuwa watu hawa tuliwakata kamba kwa mikono yetu, hatuwezi kuwaacha kando ya mto. Akajiuzulu katika Misioni, akakaa nao, na mwaka wa 1864, kwa msaada wa Livingstone na wa wenye manowari, akawapeleka wengine wao hata Cape Town. Watoto wawili, Chuma na Wikatani, Livingstone aliwachukua katika merikebu yake ndogo akavuka nao bahari hata Bombay, wakatiwa shuleni.

Tunayaandika haya bila kumdharau Askofu Tozer, kwa kuwa ndiye aliyeileta Misioni Unguja, na kazi kubwa ikaota huko. Lakini neno la Waller lisisahauliwe. Waswahili husema, ahadi ni deni. Mwenye kumfungua mtumwa amejitia katika deni, wala deni hilo haliishi siku ya kufungua. Siku hiyo ndiyo ya kwanza.

Watoto watano wa Unguja

Tozer na Daktari Edward Steere walifika Unguja mwezi wa Agosti 1864. Mwaka huo Sultani Majid aliwapa watoto watano wanaume, waliokamatwa katika jahazi iliyopakia watumwa. Watoto hawa hawakujua Kiingereza wala Kiarabu, na labda kila mmoja alikuwa na lugha yake. Wawili katika hao ni John Swedi na George Farajallah. Hiyo ndiyo shule ya kwanza, nayo baadaye ikawa chuo cha Kiungani.

Baada yao wakaja wengine kutoka manowari. Mambo yalikuwa hivi: watu walitekwa vitani, au waliwekwa rehani kwa deni, au waliuzwa wakati wa njaa, pengine na jamaa zao wenyewe. Waliletwa kwa miguu toka pande za Nyasa hata Kilwa, wakapakiwa katika majahazi, na wengi walikufa njiani kabla ya kuiona bahari. Jahazi ikikamatwa, waliomo walitangazwa kuwa huru. Lakini kurudi kwao hawawezi. Wengine walipelekwa Shelisheli, au Aden, au Bombay. Watoto walioletwa Misioni walikuwa wachache katika wengi.

Mwaka wa 1871 Misioni ilipata shamba la Mbweni, ili watu wazima walioachwa huru wapate kiwanja cha kujenga na ardhi ya kulima. Na huko pia ikawekwa shule ya wasichana. Mwaka wa 1877 akaja Bibi Caroline Thackeray kuisimamia shule hiyo, naye hakurudi tena kukaa kwao. Alikufa Mbweni mwaka wa 1926. Miaka karibu 50! Wasichana waliolelewa hapo wakawa walimu na mama wa nyumba za Kikristo katika pwani na bara.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi hati ya kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu pale pale sokoni. Sehemu ya uwanja ilinunuliwa na Padre Arthur West kwa fedha zake, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji, ambaye si Mkristo. Kanisa lilifunguliwa siku ya Krismasi 1879.

Hata hivyo biashara haikufa. Tufani ya Aprili 1872 ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja, na mashamba ya Pemba yakataka watu wa kazi. Basi wafanya magendo wakawavusha usiku. Mwaka wa 1876 Sultani alikataza tena misafara ya watumwa barani. Mwezi wa Desemba 1881 nahodha Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipotaka kuipekua jahazi. Kuwapo kwa utumwa kisheria kuliondolewa Unguja mwaka wa 1897, na Tanganyika mwaka wa 1922. Hesabu ninyi wenyewe miaka tangu hati ya kwanza.

Waliokombolewa wakawa wakombozi

Sasa tumefika penye kiini cha habari yetu. Kazi hii ilianzishwa na vijana wa Ulaya, lakini kama ingaliachwa mikononi mwao peke yao ingalikufa pamoja nao kwa homa. Walioichukua bara ni wale waliouzwa.

Chuma, yule mtoto wa Magomero, alikua akawa kiongozi wa misafara. Mwaka wa 1873 Livingstone alipokufa, Chuma na Susi na wenzao waliuchukua mwili wake hata pwani. Mwaka wa 1875 alimwongoza Steere, ambaye sasa ni Askofu, katika safari ya kwenda kwa Mataka, mkuu wa Wayao. Njia ile ndiyo njia ya misafara ya watumwa. Mtoto aliyefungwa kamba akarudi katika nchi hizo akiongoza msafara wa watu huru. Alifariki Unguja mwaka wa 1882.

Mwaka wa 1876 watu zaidi ya 50 wa Mbweni, wanaume na wanawake, walikubali kuiacha nyumba na shamba kwenda na Askofu Steere kuelekea nchi walikotekwa. Walipofika Masasi wakaona ni salama kukaa hapo kuliko kuendelea, wakajenga. Tukumbuke ya kuwa hawakuagizwa. Walikuwa na kisiwa salama chini ya kivuli cha manowari, wakachagua bara. Mwezi wa Septemba 1882 Magwangwara waliivamia Masasi, wakaua na kuteka; watu waliokwisha kombolewa mara moja wakachukuliwa mateka tena. Watu wa Misioni wakajaribu kuwakomboa kwa mali. Waliobaki walianza upya.

John Swedi alifanywa shemasi mwaka wa 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa angali mtoto, alisoma Kiungani, akapelekwa chuo cha Mt. Augustino, Canterbury, akawa shemasi mwaka wa 1886. Akaenda kukaa Chitangali, karibu na Ruvuma, pamoja na mkewe Lucy Magombeani, mwalimu aliyelelewa Mbweni. Mwaka wa 1890 akapewa upadre, naye ndiye Mwafrika wa kwanza kuupata katika Misioni hiyo. Huko Chitangali alifundisha na kubatiza bila Mzungu kukaa naye.

Tena kuna jambo ambalo walimu watalipenda. Mwaka wa 1887 kilichapishwa London kitabu kiitwacho Kiungani, kilichofasiriwa na A. C. Madan. Maneno yaliyomo yaliandikwa na wavulana wa shule wenyewe, kila mmoja akieleza jinsi alivyotekwa, nani alimwuza, na jinsi alivyofika. Wasomaji wa Ulaya walikuwa wamezoea kusikia habari za watumwa kwa vinywa vya wasafiri. Safari hii walisikia kwa wenyewe. Mtoto aliyehesabiwa kama mzigo wa pembe akasimama kama shahidi. Na ushahidi wake una nguvu kupita hotuba mia.

Mafundisho kwa siku zetu

Ndugu, biashara ya watu imevaa nguo nyingine. Haina soko la wazi wala minyororo mingi. Leo huja kwa ahadi ya kazi nzuri mjini au ng'ambo, kwa nauli iliyolipwa na mtu asiyejulikana, kisha pasipoti huchukuliwa, mshahara hauonekani, na mlango hufungwa. Dunia ilifanya mapatano juu yake mwaka wa 2000; Tanzania ikatunga sheria yake mwaka wa 2008, na Kenya mwaka wa 2010. Na tena, kama siku zile, vijana wa kujitolea wamesimama: huenda mashuleni na vijijini kuonya, hupokea waliorudi, huandika habari zao.

Vijana hao, na walimu wenye kuwaongoza, wana mambo matatu ya kujifunza kwa wazee wetu. Kwanza, wasimfungue mtu wasiyekuwa tayari kukaa naye. Msichana aliyerudi ng'ambo mikono mitupu, mwenye aibu mbele ya jamaa waliokopa nauli yake, hawezi kuishi kwa kupigwa picha na kupongezwa. Ahitaji kitanda, ufundi, na mtu wa kumtembelea baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitano. Pili, waliopatwa na mabaya hayo wasiwekwe nyuma kama wageni wa kuhurumiwa. Wapewe kufundisha na kuongoza, maana wao waijua njia. Tatu, wasitishwe na urefu wa kazi. Tangu hati ya 1873 hata kuondolewa utumwa kisheria Unguja ilipita miaka 24, na katika miaka hiyo kila jahazi moja iliyokamatwa ilionekana kuwa si kitu mbele ya zile zilizopita.

Nanyi wazazi, njaa na deni ndizo zilizowauza watoto zamani, nazo ndizo ziwauzazo leo. Mtu akija na ahadi ya kazi, muulizeni jina la tajiri, mahali, mshahara, na karatasi ya mapatano. Na karatasi isomwe na mtu ajuaye kusoma kabla mtoto hajatoka nyumbani. Mwalimu wa kijiji aweza kuisoma kwa dakika kumi.

Makaburi ya Mbweni yapo, na ya Masasi, na yale ya Shire ambayo mengine hayana alama. Ndani yake wamo waliokuja kwa hiari yao kutoka mbali, nao wamo walioletwa kwa nguvu kisha wakabaki kwa hiari yao. Tukiomba katika jubilii hii tuwataje wote pamoja. Kisha tukitoka kanisani tumwulize kila mmoja wetu, katika mtaa wake, ni mtoto gani aliyeondoka mwaka huu, na ni nani amjuaye alipo.