Muuguzi Ndiye Aliyeona
Umeandikiwa sertralini kwa sababu ya wasiwasi, unafungua pakiti, kikaratasi kinasema ni dawa ya sonona. Kwani daktari alikusikiliza kweli? Jibu linaanzia New York, miaka ya 1950 ikielekea ukingoni.

Katika Hospitali ya Hillside, Donald Klein alikuwa na wagonjwa waliovamiwa na hofu ya ghafla: moyo mbio, pumzi zinakatika, mtu ana hakika anakufa sasa hivi. Dawa za kutuliza zilizokuwepo hazikuwafaa. Akawajaribia imipramini, ambayo Roland Kuhn wa Uswisi alikuwa ametangaza mwaka 1957 kwamba inasaidia wenye sonona. Ni kubahatisha tu, tuseme ukweli.

Wiki chache zikapita. Klein alisimulia baadaye kwamba mgonjwa mmoja alisema hajapata nafuu, na tabibu wake akakubali. Aliyepinga ni muuguzi: huyu si alikuwa akitukimbilia kila siku akisema anakufa? Mbona siku hizi haji? Kumbe mashambulizi yalikuwa yamekoma. Kilichobaki ni woga wa kuyangojea, na huo dawa haikuufuta, ndiyo maana mwenyewe hakuona tofauti.

Klein na Max Fink walichapisha matokeo mwaka 1962. Ilichukua hadi 1980 kwa mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili kuipa hofu hiyo jina lake.

Sertralini nayo ilipita njia hiyohiyo: Marekani iliiidhinisha kwa sonona mwaka 1991, kwa hofu ya ghafla mwaka 1997.