Kindu: Vitamini A ya watoto ilitoka wapi, na kwa nini wengine hutapika?

Kila mara timu za vitamini A zinapopita Kasuku, Mikelenge na ng'ambo ya mto, Alunguli, wazazi huuliza: mtoto alikuwa mzima, amepewa matone mara moja tu, mbona usiku ametapika? Ni swali la haki. Jibu lake lina historia, na sehemu yake ilitokea kwa jirani zetu.

Mwaka 1987, madaktari wa hospitali ya Mvumi, Tanzania, walitangaza habari za watoto 180 waliougua surua. Watoto 88 walipewa vitamini A kwa wingi, siku mbili mfululizo. 92 walitibiwa bila hiyo. Walikufa 6 upande wa kwanza, 12 upande wa pili. Mwaka mmoja kabla, Alfred Sommer na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba huko Aceh, Indonesia, vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 34 katika vijiji vilivyopewa vitamini hiyo.

Kuanzia 1998, WHO ilihimiza nchi kuitoa pamoja na chanjo ya polio. Wakubwa wanakumbuka hali yetu ya 1999: Kindu mikononi mwa RCD, nchi imekatwa vipande, lakini wapiganaji walikubali kutuliza bunduki kwa siku chache ili watoto wapate matone ya polio. Kampeni za namna hiyo ndizo zilizofungulia vitamini A njia hadi vijijini.

Dozi moja inatosha miezi 4 hadi 6 kwa sababu ini huiweka akiba. Kwa sababu hiyohiyo, ikizidi inakuwa sumu. Ndiyo maana kuna rangi mbili: ya bluu, vipimo 100,000, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, nyekundu, 200,000, kwa wa mwaka 1 hadi 5. Watoto wachache huumwa kichwa, hutapika, huharisha kidogo, au utosi wa mchanga huvimba. Hayo huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Yakizidi hapo, si ya kungojea nyumbani: mpeleke kituo cha afya.

Hatari iko kwenye kipimo. Novemba 2001 huko Assam, India, kijiko cha mililita 2 kilibadilishwa na kikombe cha mililita 5. Watoto wengi waliugua, vifo vikaripotiwa, na ubishi juu ya chanzo chake ukawa mkali.

Kwa familia zilizokimbia vita jambo hili ni la kila siku. Mtoto amepewa kijijini, wiki mbili baadaye yuko Kindu, karatasi yake imebaki kwenye nyumba iliyoachwa, na timu inapita tena. Mama, usinyamaze kwa kuogopa kunyimwa: sema alipewa lini. Kama mwezi haujapita, asipewe nyingine, isipokuwa muganga anamtibu surua. Mwenye mimba naye asimeze dawa hiyo ya watoto. Wingi wake unaweza kudhuru mimba.

Mawese mekundu na sombe havimo katika hesabu hii. Mwili huchukua humo kadiri unavyohitaji, kwa hiyo mtoto aliyepewa dozi jana anaweza kula sombe ya mawese leo bila wasiwasi.